Neno la Mapigo Tisa

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali mbele ya karakana ya fundi bati, na ukuta wa nyuma umechubuka rangi kwa migongo ya watu. Mwisho wa ubao, upande wa kushoto, kuna debe lililopinduliwa ambalo juu yake Mama Birika, muuza kahawa, huweka kapu lake la vikombe. Kwenye debe hilo hakai mtu. Anayekaa jirani nalo ni Nyundo, fundi bati mwenyewe. Anafuata Mizani wa bucha, kisha Sindano mshonaji, kisha Refa, ambaye hajawahi kuchezesha mechi hata moja ila zote anajua zilivyopaswa kuchezeshwa. Ukimkalia mwenzako mahali pake utaondolewa kwa maneno usiyoyapenda. Nani aliwapanga hivyo? Hakuna. Walijikuta tu wamekaa, miaka ikapita, na Nyundo akawa na kijiwe kizima upande wake wa kulia.

Jumamosi hiyo Nyundo alifika anahema, kadi ya mwaliko mkononi, jasho linamtoka kama aliyebeba paa zima peke yake.

— Jamani, niokoeni. Leo saa kumi naaibika mbele ya ukoo.

— Kaa kwanza, alisema Mizani. Mtu mzima haaibiki kabla ya kahawa.

Nyundo akakaa, akaifungua kadi, akaweka kidole juu ya neno moja. Wote watatu wakainama. Mama Birika naye akainama, birika mkononi, nusura awaunguze.

Neno lilikuwa limeandikwa hivi: *otorhinolaryngology*.

— Toba! alisema Sindano. Hili ni neno au ni treni?

Nyundo akaeleza. Binti yake wa kwanza amerudi jana kutoka masomoni, miaka sita nje ya nchi, daktari bingwa kamili. Leo saa kumi ndugu na majirani wanakusanyika nyumbani kumpokea. Baba ndiye anayesimama, anashika kipaza sauti, anataja jina la mtoto na ubingwa wake. Na ubingwa wenyewe ndio huo hapo kwenye kadi.

Asubuhi shemeji yake, kaka wa mkewe, mwalimu mkuu mstaafu, mtu anayesahihisha watu mpaka msibani, alimwekea kadi mbele ya wageni wote. "Shemeji, hebu lisome." Nyundo akalisoma. Kilichotoka mdomoni mwake hata yeye hakukitambua. Watu wakacheka, wengine wakajifanya wanakohoa. "Basi kipaza sauti nitashika mimi," akasema shemeji. "Sikio halipiti kichwa. Mambo ya shule tuachie watu wa shule."

— Akasema hivyo? Mbele ya mkeo? Mizani aliuliza.

— Mbele ya mke wangu. Na binti amelala chumba cha pili, sijui kama alisikia. Nikamwambia, shemeji, saa kumi nitalisema. Nikikosea hata herufi moja, shika wewe kipaza sauti, mimi nitakaa viti vya nyuma na watoto.

— Umejifunga mwenyewe, alisema Refa.

— Nimejifunga, ndiyo! Mtoto ni wangu! Nimemsomesha kwa makarai na mifereji ya paa, halafu siku ya kumtaja atajwe na mtu mwingine? Sikubali!

Alisema hivyo kwa sauti iliyofanya mbwa wa bucha asimame. Mama Birika akammiminia kahawa, akauliza jambo ambalo kila mwenye akili angeuliza.

— Sasa si umwamshe huyo binti umuulize linavyotamkwa? Neno ni lake.

Nyundo akajikuna shingo.

— Amechoka na safari, mama. Mwache alale.

Huo ulikuwa ukweli, ila haukuwa ukweli wote. Miaka yote sita binti alipiga simu kila Jumapili, na simu na Nyundo hawajawahi kupatana. Huishika kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa na nyundo, na sauti ya mtoto hupanda, hushuka, hupotelea huko. Basi yeye husema, "Vizuri sana, mwanangu, vizuri sana," halafu humpa mama yake simu. Mahali fulani katikati ya hizo vizuri sana mtoto alimweleza anasomea nini, naye akambariki. Asubuhi alipomuuliza mkewe, mkewe alicheka. "Si alikuambia mwenyewe kwa mdomo wake, ukasema vizuri sana?" Kwenda leo kumwamsha mtoto na kumuuliza ni kukiri kwamba miaka sita amekuwa akiitikia amina dua asiyoisikia. Heri afe. Hayo hakumwambia mtu.

— Tusipoteze muda, alisema Mizani akipangusa mikono kwenye aproni. Neno refu ni kama paja la mbuzi. Ukipiga shoka popote unapasua mfupa, nyama inaharibika. Tafuta kiungo. Kisu kikipata kiungo, paja linaachia lenyewe. Leta kadi.

Akaifumbia jicho moja kadi ile, akaikatakata hewani kwa kidole.

— Otor. Hinol. Aryn. Gology. Vipande vinne, safi, hakuna mfupa.

— Otor hinol, alirudia Nyundo. Otor... hinol...

— Ah, hilo limekwama kooni, alisema Sindano. Mizani, wewe unauza nyama, hujui kitambaa. Kitu kirefu hukikati kabla hujakikunja katikati. Waswahili walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

— Hiyo inahusu nini hapa?

— Inahusu. Neno ni geni, sisi wenyeji. Tulia.

Akatoa futi yake shingoni, akainyoosha juu ya kadi, akahesabu herufi kwa ncha ya sindano, moja moja, midomo ikicheza.

— Kumi na tisa! Tisa huku, tisa huku, na hii *a* moja katikati. Mnaiona? Hiki ndicho kiuno cha neno. Hapa pana pumzi. Unasema *otorhinol*, unavuta pumzi kiunoni, *aaa*, unateremka na *ryngology* mpaka kwenye pindo.

Nyundo akajaribu. Alipofika kiunoni akavuta pumzi pamoja na kahawa, akapaliwa, wakampiga mgongoni mpaka kofia ikaanguka.

— Sasa mnamwua! alisema Refa. Mnajua kosa lenu? Mnalitazama neno kama kitu, wakati neno ni timu. Kuna wanaocheza na kuna wanaokaa benchi. Hii *h* mnayohangaika nayo, mimi nawaambia, ni mchezaji wa akiba. Amevaa jezi, amefunga viatu, ila haingii uwanjani.

— Nani kakuambia?

— Uzoefu! Na tazameni hapa mwisho, go, lo. Mnaona? Kipindi cha pili mna goli. Dawa ya moto ni moto.

Hakuna aliyejua moto umetoka wapi, lakini Refa alikuwa ameshapanda chati. Akainua kadi juu kwenye mwanga, macho yakamtoka.

— Subirini. Subirini kwanza! Hapa katikati mbona kuna *rhino*? Niliona kwenye filamu ya wanyama. Rhino kwa Kizungu ni kifaru!

Nyundo akaipokonya kadi, akaisogeza machoni.

— Kifaru mnyama?

— Kwani kuna kifaru mboga? Mwenye pembe puani! Binti yako, mzee, ni daktari wa vifaru.

— Na hii *oto* ya mwanzo? Sindano alidakia, naye sasa damu imemchemka. Oto si mambo ya magari? Nimeona imeandikwa kwenye maduka ya vipuri.

— Basi ni daktari wa vifaru anayewafuata kwa gari! alisema Mizani. Inaingia akilini kabisa. Kifaru utamfuata kwa miguu?

— Kwa gari maalumu, aliongeza Refa. La chuma. Ndiyo maana ikachukua miaka sita, mjue. Mitatu ya kifaru, mitatu ya udereva.

— Acheni! alisema Nyundo, lakini sauti haikuwa na nguvu.

Alikuwa anamwona mtoto wake, yule ambaye yeye mwenyewe alimfunga viatu siku ya kwanza ya shule, amepiga magoti nyuma ya kifaru ameshika sindano. Na yeye alisema vizuri sana! Mara ngapi? Alisema vizuri sana kila Jumapili!

— Wanyama nao wanaumwa, alimfariji Mizani. Kazi ni kazi.

— Sitaki faraja, nataka neno! Hata kama ni la kifaru nitalisema! Otor hinol... Otorinoly... Ah!

— Shida ni hiyo, Sindano alimnong'oneza Refa. Tunamfundisha lakini hashiki. Sikio la kufa halisikii dawa.

Mama Birika alikuwa amevumilia vya kutosha. Akaweka birika chini.

— Nyie wanaume mna vichekesho. Refa, simu yako hiyo inayojua matokeo ya mechi za dunia nzima, haijui kusoma?

Wakatazamana. Wallahi hilo halikuwa limempitia mtu kichwani. Refa akatoa simu. Mizani akawa anasoma herufi, moja moja, kama anayepima nyama ya mteja mkorofi. Refa anaandika, Sindano anahakikisha kwa sindano. Walipomaliza, Refa akabonyeza, na mwanamke wa ndani ya simu akalitamka, mara moja, haraka, bila kuhema, kama mtu anayetaja jina la jirani yake.

— Lo! Mwanamke huyu!

— Rudisha! Rudisha!

Nyundo akainyakua simu, akaibana kwenye sikio lake la kulia kwa viganja viwili, akafumba macho. Mwanamke akalisema. Akalisema tena. Mara ya tatu aliishia katikati, simu ikazimika.

— Chaji, alisema Refa kwa aibu.

Wengine wakaanza kulaani simu, lakini Nyundo hakuwa nao. Midomo ilikuwa inacheza. Alikuwa amesikia kitu ambacho Mizani na kisu chake na Sindano na futi yake wasingeweza kukisikia. Lile neno lilikuwa na mapigo. Lilidundwa.

Akainuka, akaingia karakana, akatoka na nyundo na kipande cha bati lililobaki kwenye mfereji wa paa, akakitandika juu ya chuma chake cha kufulia bati pale mlangoni.

— Nyamazeni wote! O! *Ti*. To! *Ti*. Rai! *Ti*. No! *Ti*...

Akarudi mwanzo. Akapunguza. Akaongeza. Miaka thelathini mkono huo umepiga bati, haujawahi kukosea hesabu.

— O-to-rai-no... la-rin... hapana, hapa kuna pigo zito. Yule mama wa simu alikanyaga hapa. O-to-rai-no-la-rin-GO! *Pa!* Lo! Ji!

— Yesaaa! Refa aliruka. Nilisema kuna goli! Nilisema!

— Na *h* haikuingia! alisema Sindano. Refa, haikuingia kweli!

— Ilikuwa benchi tangu mwanzo!

— Mapigo tisa, alisema Mizani, akayahesabu kwa vidole vyenye mafuta. Tisa, la saba ndilo zito. Rudia, Nyundo. Rudia!

Akarudia. Akalipiga polepole, akalipiga haraka. Akina mama waliokuwa wanapita na mikoba wakasimama. Dobi wa ng'ambo ya barabara akaja na pasi mkononi. Sindano akaanza kuitikia, Refa akapiga makofi kwenye pigo la saba, Mama Birika akagonga vikombe. Barabara nzima ikawa inasema neno ambalo hakuna hata mmoja aliyejua ni mnyama au ni gari, na Nyundo, mtu mzima mwenye mvi, akacheka mpaka machozi. Shemeji aje! Aje sasa hivi na chaki yake! Alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu siku mtoto huyo alipozaliwa.

Alimaliza raundi, akaweka nyundo chini apumue, akarudi kukaa mahali pake. Akanywa kahawa. Akainuka, akapiga raundi nyingine, akakaa tena. Hapo ndipo alipoona nyuso za wenzake zimebadilika. Hawamtazami yeye. Wanatazama nyuma ya bega lake, upande wa debe, na Mama Birika ameganda na kikombe hewani.

— Nini? aliuliza Nyundo. Nimekosea?

Akageuka.

Binti yake alikuwa amekaa juu ya debe, kapu la vikombe mapajani, na midomo yake ndiyo kwanza inamalizia kusema kitu.

— Ah, mama! Umefika saa ngapi?

— Muda, baba. Nimekuita mara nne.

— Makelele ya bati haya...

— Mara mbili nyundo ilikuwa chini. Ulikuwa unakunywa kahawa.

Akainuka, akaweka kapu pale lilipokuwa, akapita mbele ya baba yake na kuja upande wa pili. Mizani akamsogelea Sindano, Sindano akamsogelea Refa, Refa akabaki nusu matako nje. Binti akakaa katikati ya baba yake na Mizani. Akawaamkia shikamoo wote, mmoja mmoja. Halafu akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei ya karai:

— Baba, sikio lako la kushoto limeacha kusikia tangu lini?

Nyundo akafungua mdomo kusema, nani, mimi? Akawatazama wenzake wamsaidie kucheka.

Hawakucheka. Mizani alikuwa anautazama ubao waliokalia, mwanzo hadi mwisho, kama anauona kwa mara ya kwanza.

— Mimi nilipokuja hapa, alisema taratibu, nilikaa kushoto kwake wiki moja. Nikaona hatuongei vizuri. Nikahamia kulia. Sikujiuliza.

— Mimi kahawa humpa kwa upande huu wa kulia, alisema Mama Birika. Siku zote. Nikimpa kwa kule hapokei.

— Kwa hiyo ni tangu lini? binti aliuliza tena, na safari hii aliwauliza wote.

Watu ambao tangu asubuhi walikuwa na jibu la kila kitu, la kiungo, la kiuno, la kifaru, hawakuwa na neno. Hata Refa. Miaka na miaka walikuwa wamejipanga kulizunguka sikio hilo na hakuna aliyewahi kulitaja.

Nyundo akapeleka mkono kwenye sikio la kushoto, akalishika kama mtu anayepapasa mfuko uliotoboka.

— Sijui, mwanangu, alisema mwisho. Liliondoka bila kuaga.

Binti akacheka, na wakati anacheka machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja bila kuyaficha.

— Mimi nilipokuwa mdogo nilikuwa nakuita kwa upande ule, huitiki. Nikajua umenikasirikia. Nikilia mama ananiambia, zunguka. Basi nikajifunza kuzunguka. Nimezunguka miaka yote, baba, mpaka siku moja darasani wakatufundisha kuhusu mafundi wanaopiga chuma na masikio yao. Nikaweka kalamu chini.

— Samahani, daktari, alisema Refa kwa sauti ndogo. Hilo neno... ni la vifaru?

— La nini?

— Tuliona *rhino*.

Binti akamgeukia baba yake. Akamgusa sikio. "Oto." Akamgusa pua. "Rhino." Akamgusa koo kwa kidole kimoja. "Laryngo. Kinachobaki ni mkia tu, maana yake elimu."

— Na kifaru?

— Jina lake limetokana na pua yake.

— Basi sikukosa sana! alisema Refa, na Sindano akampiga kiwiko.

Nyundo alikuwa bado ameshika sikio. Maneno yalikuwa yanamwingia polepole, moja moja, kwa upande ule mmoja unaofanya kazi.

— Kwa hiyo ulikwenda kule kote... miaka sita...

— Nilikuambia kwenye simu, mwaka wa pili. Nikasema, baba, nimechagua hili kwa ajili yako.

— Nikasemaje?

— Ukasema vizuri sana.

Nyundo akainamisha kichwa. Aliona aibu, na ndani ya aibu hiyo kulikuwa na furaha kubwa kiasi kwamba hakujua aishike wapi. Akamshika mtoto wake mkono.

— Sikusikia, mama. Nisamehe. Sikusikia hata Jumapili moja.

— Najua, baba. Ndiyo maana nimerudi.

— Ila si wanasema sikio la kufa... alianza Refa.

— Wewe! Sindano alimkatiza, uso umemwiva. Funga mdomo! Aliyesema hivyo mpumbavu!

— Hilo la kufa tutalijua Jumatatu, alisema binti akiinuka. Saa mbili asubuhi, baba, uje nilipime. Huenda halitarudi lote. Huenda halitarudi kabisa. Lakini la kulia bado liko, na sitaki liondoke bila kuaga. Kuanzia leo hupigi bati bila kuziba masikio. Na ninyi msinizikie mgonjwa.

— Na leo, kwenye kipaza sauti? aliuliza Mizani. Si aseme tu daktari wa masikio, pua na koo? Watu wataelewa.

— Ala! Nyundo akaruka. Nimelihenyea tangu asubuhi halafu nisiliseme? Nitalisema lote! Mapigo tisa!

Wakaenda wote, kijiwe kizima, Mama Birika na birika lake, dobi na pasi yake iliyopoa. Njia nzima walisukumana kutembea kulia kwa Nyundo. Binti peke yake alitembea kushoto, ameshika mkono wa baba yake.

Saa kumi kamili Nyundo alishika kipaza sauti. Akavuta pumzi, vidole vinagonga paja. O, to, rai, no, la, rin, GO, na watu wa kijiweni wakapiga makofi palepale kwenye la saba, lo, ji. Uwanja ukalipuka. Mkewe akapiga vigelegele, watoto wa viti vya nyuma wakasimama juu ya viti. Hata mwalimu mkuu mstaafu alipiga makofi, kwa haki kabisa, kisha akasogea karibu na shemeji yake. Mwalimu ni mwalimu, hawezi kukaa bila swali la mwisho.

— Hongera, shemeji, umelitamka sawasawa. Sasa waeleze na wageni, maana yake nini?

Wageni wakanyoosha shingo kusubiri jibu. Nyundo aliendelea kutabasamu akitazama mbele, kipaza sauti mkononi. Shemeji alikuwa amesimama upande wa kushoto.